Kizibo cha sinki kikivuja, usikimbilie silikoni

Silikoni ina kazi yake bafuni. Inaziba ufa kati ya sinki na ukuta, inakaa vizuri kwenye kona za marumaru, inazuia maji yasijipenyeze nyuma ya kabati. Lakini inama chini ya masinki mengi ya huku kwetu Kigamboni uangalie. Utaikuta imezungushiwa nati ya westi, yaani kile kipande kinachotoa maji kwenye sinki kwenda bomba la chini, imefunika mkono wa kizibo, imeganda mabonge mabonge hadi hujui nati inaanzia wapi. Na chini ya bonge hilo tone bado linaning'inia. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi kilichohitajika ni mpira mmoja mdogo kama pete ya kidole, na sasa mtu akitaka kuufikia inabidi akwangue kwanza.

Mimi na mume wangu tuna vyumba vya kupangisha wageni, kila kimoja na bafu lake. Masinki tuliyoweka ni yale yenye kijiti nyuma ya bomba: ukikivuta juu, kizibo kinashuka na kuziba, ukikisukuma chini, kizibo kinapanda na maji yanaondoka. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na kisima kikizidiwa tunaita boza. Kwa hiyo kizibo kwangu si pambo. Mgeni anayenyoa ndevu kwenye sinki linaloshika maji hutosheka na lita chache. Sinki lisiposhika, anaacha bomba likitiririka tangu anapojipaka povu hadi anapofuta uso, na maji hayo ndiyo yale yale tuliyoyalipia kwa tenki.

Kazi hii amenifundisha shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni fundi bomba kule Temeke. Nikimpigia huwa ananiuliza swali moja kabla ya salamu hazijaisha: "Shem, maji yanaenda wapi?" Nisipokuwa na jibu, ananiambia nikakate simu, nikaangalie, kisha nimpigie tena.

Swali hilo lina maana yake. Kizibo huvuja kwa njia mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza, maji yanapita chini ya kizibo na kuingia kwenye bomba la maji machafu. Sakafu ni kavu, kabati ni kavu, ila sinki ulilolijaza linapungua lenyewe. Hapo hasara ni ya maji tu. Ya pili, maji yanatoka nje ya westi, yanateremka na kulowesha kabati la chini. Hiyo ndiyo ya kuharakisha, kwa sababu kabati nyingi za madukani siku hizi ni za mbao za unga wa kushindiliwa, na zikinywa maji zinavimba, zinachanua kingo, na hazirudi tena zilivyokuwa.

Kuna na kesi ya tatu ambayo haihusu kizibo, lakini watu huitwisha kizibo lawama zake. Westi haiwezi kuvuja kama hakuna maji yanayopita ndani yake wala yaliyosimama juu yake. Kwa hiyo kama sinki lilikuwa tupu usiku kucha, halikuguswa, na asubuhi umekuta chini kumelowa, achana na kizibo. Mara nyingi hayo ni maji safi: angalia fleksibo inayopandisha maji kwenye bomba, na koki ndogo ya ukutani. Kausha, funga ile koki, ngoja, pitisha kidole.

Ukishajua ni upande wa kizibo, pima kabla ya kufungua kitu chochote. Mimi hutoa vyote vilivyomo kabatini, nakausha westi na trapu, lile bomba lililopinda chini yake, kwa kitambaa, kisha nafuta tena kwa karatasi ya chooni, kwa sababu karatasi ile inaonyesha hata unyevu ambao kidole hakiusikii. Nafunga kizibo, najaza maji hadi chini kidogo ya tundu la juu la kufurikia, na kuchora mstari wa penseli kwenye kauri pale maji yanapogusa. Kisha naenda kutandika kitanda au kufagia baraza. Nikirudi naangalia mambo mawili: maji yameshuka kutoka kwenye mstari? Na karatasi mpya nikiipitisha chini, inalowa wapi? Lazima uanzie juu kwenda chini, kwa sababu maji hayaogopi kutembea. Yanatoka kwenye nati ya juu, yanafuata ubavu wa bomba, yanaenda kudondokea kwenye trapu, na wewe unaanza kuikaza trapu isiyo na kosa.

Baada ya hapo fungua kizibo maji yote yaondoke kwa mkupuo, uangalie tena chini. Mwisho funga kizibo, acha bomba lijaze hadi maji yaanze kuingia kwenye tundu la juu. Hatua hii watu wengi huiruka, na ni ya maana sana. Maji yanayoingia tundu la juu hupita kwenye njia iliyomo ndani ya mwili wa sinki lenyewe, yakaingia kwenye westi kupitia matundu ya pembeni yaliyo katikati ya kishingo cha juu na nati ya chini. Kuna sinki linaloweza kukaa kavu mwaka mzima na likavuja siku ile tu mtoto anapoacha bomba wazi.

Sasa nianze na ile ya maji kupungua ndani ya sinki, maana ni nyepesi.

Toa kizibo. Vingine ukivizungusha kidogo vinatoka. Vingine vimefungwa na mkono uliopita kwenye tundu la mkia wake, na hivyo huwezi kuvitoa bila kuufungua mkono huo kwa chini, nitaufikia. Kikitoka, jiandae: nywele, sabuni iliyoganda na, kwetu sisi wenye wageni wa kike wanaosuka, nyuzi za rasta. Rasta ni ngumu kuliko nywele, haiozi, inajisokota kwenye mkia wa kizibo kama kamba na kukizuia kisishuke hadi chini. Sinki linakuwa linapoteza maji na wakati huohuo linaondoa maji polepole. Mtu hununua kizibo kipya wakati kilichohitajika ni kukata uzi kwa wembe.

Kisha angalia mpira unaozunguka kizibo. Mpira mzima ni laini, wa mviringo, ukiubana unarudi. Uliochoka umelala bapa upande mmoja, una nyufa ndogo, ukiuvuta unakatika. Angalia pia pale unapokalia, yaani mdomo wa westi. Maji ya visima vya pwani huacha utando mweupe mgumu, na sehemu kubwa ya utando huo ni chokaa. Mpira mpya kabisa ukikaa juu ya chokaa utavuja vilevile, maana chokaa ina vilima na mabonde. Usikwangue kwa kisu, utauchana mng'aro wa chuma na kutu itapata mlango. Lowesha karatasi kwa siki au maji ya ndimu, ilaze pale, utaona povu dogo likipanda. Ngoja kidogo, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri. Usiiache kutwa nzima, tindikali ikikaa muda mrefu huanza kuula na ule mng'aro.

Na hapa naomba usome polepole. Kama umemwaga jiki kwenye sinki hilo, suuza kwa maji mengi kabisa kabla ya kuleta siki au ndimu karibu. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja kidogo. Wasichana wa usafi hufundishwa kupiga deki, hawaambiwi hili, nami kila anayeanza kazi kwangu namwambia siku ya kwanza kabla sijamwonyesha mashuka yanakaa wapi.

Jambo jingine la mpira: usiupake mafuta ya mgando. Najua yanarahisisha kuuvalisha na kila nyumba yanakuwepo. Lakini mpira wa asili ukikaa na mafuta hayo, yanayotokana na petroliamu, huvimba na kulainika, na baada ya muda haushiki tena. Maji ya sabuni yanatosha.

Inawezekana mpira ni mzima, mdomo ni safi, na bado kizibo hakishuki kikatulia. Hapo kosa liko kwenye urefu wa viungo vya chini. Ukilala chali na tochi utaona kijiti cha bomba kinashuka hadi kwenye bapa la chuma lenye matundu mengi, na bapa hilo limeshikana na mkono mrefu unaoingia ubavuni mwa westi. Mkono huo unafanya kazi ya bembea: nje ukipanda, ndani unashuka. Legeza skrubu inayoshikisha bapa na kijiti. Msaidizi wako juu asukume kizibo kwa kidole hadi kikae chini kabisa, kijiti akivute hadi karibu na mwisho wake wa juu, nawe ukaze skrubu pale pale. Ukiona skrubu imefika mwisho wa bapa na bado, hamisha mkono kwenye tundu jingine. Jaribu mara kadhaa kukifungua na kukifunga. Kizibo lazima kipande vya kutosha pia, la sivyo maji yataondoka kwa kusuasua na mgeni atalalamika kuwa bomba limeziba.

Tuje kwenye ile ya kulowesha kabati, na hapa ndipo silikoni nyingi hupotea bure.

Pale mkono unapoingia ubavuni mwa westi kuna gololi ya plastiki iliyovaa mkono huo. Gololi imekaa kwenye kikombe chake, ina washa laini nyuma yake, yaani kipete cha kuzuia maji, na kwa nje inabanwa na nati ndogo. Kazi yake ni ngumu ukiifikiria: inatakiwa iache mkono ucheze juu na chini kila siku na wakati huohuo isipitishe maji. Mchanga kidogo kutoka kisimani, au chokaa, vikiingia kati ya gololi na washa vinaisaga taratibu. Dalili yake ni tone linalokusanyika chini ya nati hiyo ndogo, au maji yanayotembea juu ya mkono hadi mwisho wake na kudondokea mbali na westi, pembeni kabisa, ukadhani yanatoka ukutani.

Siku ya kwanza nilipoliona tone hilo nilimwambia shemeji nimeshika tepu nyeupe niizungushie thredi, ile mifereji ya nati. Akaniambia, "Shem, iweke chini. Hapo thredi haizuii maji, inazuia ile gololi na washa yake. Hata ukizungusha tepu ya mtaa mzima, maji yanapita kwenye mkono." Sijawahi kuisahau hiyo, na inaeleza kwa nini mafundi wa haraka hushindwa na uvujaji huu: wanaziba nati, na maji hayapiti kwenye nati.

Kwanza jaribu dogo. Kaza nati ile kwa mkono, robo mzunguko tu, kisha pima tena. Nyakati nyingine inatosha, kwa sababu kuvutwa kila siku huilegeza. Usichukue spana malaya na kukaza hadi ishindikane. Gololi ikibanwa sana mkono unakuwa mzito, mgeni anavuta kijiti kwa nguvu, na kijiti kinapinda. Nati nyingi za hapo ni za plastiki na hupasuka.

Isipotosha, fungua. Weka ndoo chini, hakikisha sinki ni tupu, na kabla hujagusa chochote piga picha kwa simu. Kila aina ina mpangilio wake wa washa, zingine mbili, zingine moja, na picha itakuokoa. Bana kile kibanio cha chuma kinachoshika mkono kwenye bapa, kitoe. Legeza nati, vuta mkono pamoja na gololi yake. Ukifika hapa kizibo nacho kinatoka juu bila shida, kwa hiyo ni wakati mzuri wa kukisafisha na kubadilisha mpira wake hata kama hukukusudia.

Tazama washa iliyobaki ndani ya kikombe. Ichokonoe kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, maana mkwaruzo kwenye kikombe unakuwa njia mpya ya maji. Tazama na gololi. Ikiwa imepata mfereji au imepasuka, hiyo ya kubadilisha. Mkono wenyewe ukiwa umeliwa na kutu hadi una vishimo, usiurudishe, utaikata washa mpya. Maji ya chumvi yana haraka na mikono ya chuma cha kawaida. Peleka sumaku ukanunue ambayo hainaswi.

Kurudisha ni kinyume chake. Safisha kikombe, weka washa mpya, ingiza mkono. Hapa unachagua: ukiupitisha ndani ya tundu la mkia wa kizibo, kizibo hakitoki kwa juu. Ukiuacha mkia ukae tu juu ya mkono, kizibo kinaweza kunyanyuliwa kwa vidole. Mimi nachagua cha kunyanyuliwa, kwa sababu ya rasta. Kaza nati kwa vidole hadi mkono usimame wenyewe pale unapouachia, lakini ukiusukuma kwa kidole kimoja uende. Hicho ndicho kipimo alichonipa shemeji na sijapata kilicho bora zaidi.

Ukiwa mbali na duka na washa imekufa, mpira wa tyubu ya zamani ya baiskeli unasaidia. Kata duara kwa mkasi, toboa kati, safisha vizuri. Kwa washa bapa inashika. Usijaribu kwa mpira wa kizibo wala kwa ule mpira mkubwa wa chini ya sinki, maumbo yake ni mengine, na tyubu haitajaa.

Huo mpira mkubwa ndio wa mwisho kuueleza, na ndio kazi nzito. Westi inaingia sinki kutoka juu, kishingo chake kinakaa kwenye kauri, na kwa chini kuna mpira mnene wenye mteremko, kisha washa bapa ya plastiki, kisha nati kubwa. Upande mwembamba wa mpira unatazama juu ili ujisukume ndani ya tundu la kauri. Nimekuta uliowekwa kichwa chini miguu juu kwenye nyumba mpya kabisa. Ile washa bapa nayo ina sababu ya kuwepo: nati ikizunguka moja kwa moja juu ya mpira inauvuta na kuusokota, na mpira uliosokotwa unaacha mwanya. Isiporudishwa, utakaza mpaka uchoke.

Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja juu ashike westi isizunguke, mwingine chini ageuze nati. Kauri haipendi nguvu ya upande mmoja, ikipasuka hakuna cha kufanya ila kununua sinki. Na hapa, hatimaye, silikoni ina haki yake: uzi mwembamba chini ya kishingo cha juu, pale chuma kinapokalia kauri, kwa sababu kauri haiko sawa kabisa na maji hupenya hapo. Mwembamba tu. Ukijaza nyingi itamiminika na kuziba yale matundu ya pembeni niliyoyataja, na siku sinki likifurika maji yatakosa njia, yaje sakafuni. Futa iliyotoka juu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha uliache sinki saa 24 bila maji. Chumba hicho usimpe mgeni. Silikoni hukauka ngozi mapema, ndani ikabaki laini, na ukifungulia maji baada ya saa moja umeharibu kazi yote.

Kama inabidi ununue westi nzima, usiende mikono mitupu. Mimi huvuka na pantoni nikiwa na ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, naenda nayo madukani Kariakoo, naiweka juu ya kaunta. Masinki ya kunawia huku kwetu kwa kawaida hutumia ya inchi moja na robo, ya jikoni inchi moja na nusu, na macho peke yake hudanganya. Sinki lako likiwa na tundu la kufurikia, chukua westi yenye matundu ubavuni. Likiwa halina tundu hilo, chukua isiyo na matundu, kwa sababu ukiweka yenye matundu maji yatapitia hapo yajikusanye kati ya westi na kauri, na yatashuka kwa kufuata thredi. Nimewahi kuona fundi akibadilisha mpira juu ya mpira kwenye sinki la jirani yangu, mpira hauna kosa, westi ndiyo isiyo yake.

Angalia pia imetengenezwa kwa nini. Nje zote zinang'aa sawa. Geuza, angalia thredi za ndani pale ambapo mng'aro haukufika vizuri: ukiona unjano, ni shaba njano. Ukiona kijivu cheupe na ni nyepesi mkononi, ni madini ya bei nafuu yenye zinki nyingi, ambayo chumvi huila mapema, na dawa kali za kuzibua mabomba zenye kostiki huimaliza kabisa. Sumaku haitakusaidia hapa, hainasi shaba wala zinki. Mpe muuzaji muda, mwambie, "Kaka, naomba niione ya shaba hata kama ni ghali." Wengi wanazo, ila haziwekwi mbele.

Mume wangu ananiuliza kwa nini tusihamie kwenye vizibo vya kubonyeza, visivyo na kijiti wala mkono. Ana hoja. Pasipo mkono hakuna tundu ubavuni, na pasipo tundu hakuna gololi ya kuvuja. Kwa nyumba yenye maji safi ya bomba ningekubali leo. Kwa maji yetu, ile springi iliyo katikati hukwama kwa chokaa, kizibo kinabaki kimefunga, na mgeni asiyejua anaanza kukichokonoa kwa kijiko. Hata hivyo hufunguka kwa kuzungushwa kutoka juu, na unaweza kukiloweka siki ukiwa umesimama, bila kulala chini. Vyumba viwili tumeviwekea hivyo kuangalia. Nyumbani kwa mama yangu Tanga kuna kile cha zamani, kizibo cha mpira na mnyororo wake, na kwa kweli hakijamsumbua mtu. Mpira ukichoka, unanunua mwingine genge la vifaa na kuuvalisha hapohapo.

Sinki la chumba cha mwisho ndilo lililobaki. Nati yake kubwa imeshikana na westi kwa chumvi, nimeilowesha siki, nimeigonga taratibu pembeni, haitikisiki, na nikiongeza nguvu kauri ndiyo itakayolipa. Shemeji amesema nisiilazimishe. Atakuja na jino la msumeno wa chuma aikate nati kwa mshazari hadi karibu na thredi, kisha aipasue kwa bisibisi. Hadi hapo bomba la chumba hicho nimelifunga kwa koki ya chini, nimeweka jagi na beseni, na westi mpya ya shaba iko tayari na mpira wake.